Pambano la Marudiano Kichwani Mwangu

Leo yamenikuta, tena kichwani. Naandika nikiwa bado Koboko, na kofia nimeshaivua, maana hakuna tena cha kuficha.

Asubuhi nilikuwa Arua, najiandaa kwenda kuonwa na baba yake Kiden, mchumba wangu. Mambo ya mahari ni ya wazee, baadaye. Leo alitaka kuniona tu. "Baba akikukataa, mimi sina la kufanya," Kiden alinionya. (Tangu siku hiyo usingizi sina.) Nikasema basi angalau nipendeze. Nikaenda mtaa wa Oli kwa kinyozi wangu, Mzee Adriko, bingwa wa zamani wa ngumi wa Arua. Mkono wake wa kushoto ndio uliompa jina, na ndio huohuo anaonyolea.

"Kijana, leo wewe naenda wapi?"

"Koboko, kwa Mzee Lemi."

Mkono ukasimama. "Lemi ya ngumi? Ule mutu iliiba mukanda yangu?"

Mungu wangu! Nilijua baba mkwe aliwahi kuwa bingwa. Sikujua ubingwa wenyewe aliuchukua kwa kinyozi wangu. Walipigana mara moja tu, Lemi akapewa ushindi kwa pointi, na tangu hapo hawajasalimiana. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikauliza, "Sasa mzee, mkirudiana leo nani atashinda?"

Akaanza kurukaruka nyuma ya kiti. "Raundi ya kwanza mimi naacha yeye nachoka. Tumbo yake iko kubwa sasa. Raundi ya pili napiga mbavu. Raundi ya tatu yeye nashusha mukono, Lemi iko na ile tabia. Hapo mimi napiga hivi!"

Alipiga hewa kwa mkono ulioshika mashine ya kunyolea, lazima nimtetee. Ni mimi niliyekwepa. (Nani kanituma? Mimi ni fundi simu!) Nikakwepea upande uleule wa mashine. Ikapita kuanzia juu ya sikio mpaka utosini, ikaacha njia pana ya kupitisha ng'ombe. Kabla hajasawazisha, umeme ukakatika. Akachukua wembe, huku bado anamrushia Lemi ngumi hewani. Nikakimbia.

Nilichopata sokoni ni kofia ya sufu. Jua la Koboko mnalijua. Mzee Lemi akanipokea, kifua kama mlango, akaniangalia jasho linavyotiririka.

"Wewe iko mugonjwa?"

"Hapana, baba. Nasikia baridi kidogo."

Mambo yakaenda vizuri mpaka kuku alipoletwa. "Tuombe," akasema mzee, akavua kofia yake. Kila mtu akaningoja mimi. Nikavua, nikajipa moyo kwamba watu wakiomba hufumba macho. Jamani, bondia hafumbi yote mawili!

Sala ikakatika kabla ya amina. "Nani nyoa wewe?"

"Mzee Adriko, wa Arua."

Kiden akafunika uso kwa mikono. Niliumia kweli, kwa sababu nampenda, na nilikuwa nampoteza hivihivi kwa ajili ya nywele.

Mzee akanijia, akaweka kidole juu ya sikio langu, akaifuata ile njia polepole mpaka utosini. "Hii ni kushoto yake," akasema taratibu. "Bado iko na nguvu. Yeye nasema nini juu ya mimi?"

Mdomo wangu, kama kawaida: "Anasema mkirudiana atakushinda raundi ya tatu, kwa sababu unashusha mkono."

"Mimi? Simama!"

Nikasimamishwa pale pale, kuku anapoa. Katika marudiano ya Mzee Lemi, Adriko anaanguka raundi ya pili. Najua, maana Adriko nilikuwa mimi, na nilianguka juu ya viatu vya wageni pale mlangoni. Nimepigwa na mabingwa wawili siku moja, na pambano lenyewe halijafanyika!

Mzee akaniinua, anahema, anacheka mpaka machozi. "Ambia Adriko akuje kwa harusi. Sisi namaliza huko."

"Harusi ya nani, baba?" (Ndiyo, niliuliza.)

"Yako na Kiden, mujinga wewe! Lakini Adriko akuje bila mashine."

Basi msinicheke, nyote mmealikwa. Ila anayemjua kinyozi ambaye hajawahi kupigana na mtu, anielekeze kabla ya siku hiyo.