Amana Isiyopigiwa Makofi

Jumanne, 21 Oktoba 2025

Nimetoka kwa wakili Lynette, Roseville, hapa hapa Minnesota. Binti wa Kikenya, mdogo, ananizidi akili kidogo tu. Nikamweleza: nina akiba, nina wajukuu wawili, Ian na Makena, nataka iwasomeshe. Tatizo ni mama yao, binti yangu Bupe. Tangu aumie uti wa mgongo akimnyanyua mgonjwa kazini, anaishi kwa msaada wa serikali: hela kidogo ya mwezi, dawa, na Peris anayekuja kila asubuhi kumtoa kitandani na kumwogesha. Akionekana na hela kuzidi kiwango, msaada unakatwa.

Lynette akasema si kazi ngumu. Amana. Hela iwe ya watoto, isimamiwe na mdhamini ambaye si Bupe, na isipite mkononi mwa Bupe hata dakika moja. Alirudia mara mbili, kana kwamba anaongea na mtoto. Nimeelewa kabisa!

Nikauliza amana inakabidhiwaje. Akasema tunasaini ofisini. Mbele ya nani? Yake. Hakuna mgeni rasmi? Hakuna. Yaani nitoe akiba ya maisha yangu na asiwepo hata mtu mmoja wa kupiga vigelegele!

Alhamisi, 23 Oktoba

Wanjala tena. Ni baba yake Ken, huyo Ken aliyekuwa mume wa Bupe kabla hajatokomea Texas. Mzee huyu anatoka Lakeville kila Jumamosi kuwapeleka wajukuu WANGU kwenye mpira wa magongo wa barafuni, na sasa kanisa zima linamwita babu wa kuigwa. Leo nimesikia ana zawadi nzito kwenye sherehe ya kipaimara cha Ian, Jumapili. Hakutaja ni nini. Mjanja!

Nimempatia dawa. Mfano wa hundi! Kule nyumbani hata anayetoa madawati ya shule hukabidhi kadibodi kubwa kuliko anayeipokea, na hakuna anayelalamika. Kadibodi si hela. Serikali haiwezi kuhesabu kadibodi. Sheria salama, makofi nimepata. Sikusoma uchumi bure.

Jumamosi, 25 Oktoba

Hundi imetoka safi sana. Haikuenea kwenye gari. Nimeendesha kutoka Roseville hadi nyumbani Apple Valley madirisha wazi, baridi ya kukata masikio. Dada wa duka la uchapaji aliniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nikasema ndiyo.

Jina nimeandika la Bupe. Mtoto hapokei zawadi nzito wakati mama yake yuko pale pale, watu watatuonaje? Na ni kadibodi tu. Nimemwomba MC Nasibu aniite wa mwisho, baada ya Wanjala. Amekubali, baada ya kupewa hela ya soda.

Jumapili, 26 Oktoba

Ushindi! Nadhani.

Wanjala alitoa viatu vya barafuni na fimbo. Ndiyo zawadi nzito yenyewe! Nilikaribia kumwonea huruma. Kisha nikaingia mimi, nikicheza, hundi kichwani, kwaya yote ya kanisa nyuma yangu. Ian alifunika uso, akasema, "Babu, please, no." Peris akamsogeza Bupe mbele kwenye kiti chake cha magurudumu. Bupe alikuwa anatikisa kichwa. Nikajua ni unyenyekevu, nimemlea vizuri.

Hapo Wanjala, mdomo umejaa pilau, akapaza sauti: "Mzee Cleophas, hiyo si ni kadibodi tu! Chapaa iko wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Walinicheka mimi! Nikatoa simu. Nikamtumia Bupe pale pale kiasi chote ambacho benki inaruhusu kwa siku. Nasibu akaichukua simu ya Bupe, akasoma ujumbe kwenye maikrofoni. Vigelegele! Hamida wa sauti ya kwanza alilia. Bupe naye alilia. Nilifurahi sana kuyaona machozi yake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hayakuwa ya furaha.

Bupe amepiga simu. Hakunifokea. Heri angefoka. Alisema lazima aripoti zile hela, msaada unaweza kusimama, na Peris asipolipwa haji. Nani atamtoa kitandani? Nikasema mimi. Kisha akaniuliza, taratibu, kama nitaweza pia kumwogesha. Niliona haya.

Nikamwambia anirudishie tu, tujifanye halikutokea. Nilipompigia Lynette, akasema hapana, kugawa hela nako kunahojiwa na serikali. Na lilitokea: video iko kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Nasibu ameiwekea muziki.

Ijumaa, 31 Oktoba

Lynette ametuokoa. Bupe ameripoti kila kitu, na zile hela zimeishia kwenye kodi ya nyumba na kitanda kinachojiinua, kabla mwezi haujaisha na kuhesabiwa kuwa akiba. Hela yake ya mwezi itapungua, lakini Peris anabaki! Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ndani ya lifti, mbele ya watu.

Amana tumesaini. Ilipofika zamu ya kumtaja mdhamini, nikajiandaa kukataa kwanza, kiungwana, kisha nikubali. Lynette akasema Bupe ameomba mtu makini, mkimya, asiyependa maikrofoni.

Wanjala. WANJALA! Alisaini polepole, akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa utani wa ukumbini. Na alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimejifunza. Bupe hatapata hela kutoka kwangu tena, hata ya chai. Nimemwahidi mchungaji. Leo nilimkuta amevaa vizuri, Peris amemsuka, tukacheka kama zamani. Nimesamehewa. Nilitoka pale nampenda binti yangu kupita kiasi. Mtu kama huyu lazima ashukuriwe.

Ila shamba si hela. Kaka yangu wa Tukuyu, kule nyumbani, ameniuzia lake la parachichi, hati kwa jina la Bupe. Minnesota itajuaje habari za Tukuyu? Ni siri kubwa. Tunajua mimi, kaka, na Nasibu, ambaye ameniweka kwenye ratiba ya ibada ya Shukrani, mara baada ya mahubiri.

Hati nimeipeleka kukuzwa Roseville. Safari hii nimeazima pikapu.