Nguzo ya Rula

Siku Rula alipokosekana kibarazani ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika tano za jioni. Nataja zile dakika tano kwa sababu Rula alikuwa mchora ramani mstaafu, mtu wa vipimo, hachelewi. Tulikuwa tumeshakaa kwenye benchi la saruji mbele ya nyumba yake, tukimngoja atoke na chupa ya kahawa kama alivyotoka kwa miaka ishirini. Mlango ukafunguliwa. Alitoka mkewe, mikono mitupu, akasema, "Nimemwamsha, hakuamka."

Tulimzika Alhamisi. Kwa wiki sita tuliendelea kukaa pale bila kubishana, hata majirani wakadhani sote ni wagonjwa. Kisha likaja gazeti.

Lililetwa na Dada Cherehani, mshonaji wa pale kona, ambaye husoma kila kitu kwa sauti, mpaka maandishi ya kwenye kiberiti.

"Sikilizeni nyie! 'Halmashauri inatafakari kuiweka nyumba namba kumi na saba katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Ni mfano adimu wa usanifu wa kisasa wa katikati ya karne iliyopita.' Kumi na saba si hapa? Si hii?"

Tuligeuka wote tukaitazama nyumba kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Paa bapa. Ukuta wa mbele kioo kitupu kuanzia sakafuni. Upande wa jua, matofali yenye matundu. Na juu ya vichwa vyetu lile bamba la zege, limetoka ukutani likaenda mbele mita tatu na nusu, likishikiliwa na bomba moja tu la chuma lililopakwa rangi ya kijani.

"Kisasa cha karne iliyopita," alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. "Hiyo ni kama mkate wa moto wa juzi."

"Mzee Breki, huelewi," Dada Cherehani akasema.

"Naelewa sana! Nimeendesha lori miaka thelathini na nne, nimeyaona majumba yanayolindwa. Yana minara. Yana mizinga. Unaambiwa hapa alilala mfalme. Humu kalala nani?"

"Rula," nikasema mimi.

Breki akakohoa. Akavua kofia, akaivaa tena. "Basi. Nimeondoa neno."

"Lakini kweli, jamani," akadakia Koki, fundi bomba, "nyumba yenyewe kama sanduku la viatu. Siku nikijenga mimi, paa langu litachongoka mpaka ndege wajikwae."

"Wewe jenga kwanza choo," Dada Cherehani akamwambia. "Tena nyamazeni, maana hamjui kwa nini nimekimbia na gazeti nikaacha suruali ya mtu chini ya sindano. Nusu ya nyumba hii ni ya mdogo wake Rula, si mnamjua? Ameshapata mnunuzi. Na mnunuzi hataki nyumba, anataka kiwanja. Anavunja, anainua ghorofa nne. Shemeji yetu, mjane wa Rula, ndiye aliyeandika kwa halmashauri. Ikiingia kwenye orodha, haivunjwi, na mnunuzi anakwenda zake. Isipoingia, mama wa watu anafungasha mwezi ujao."

Hapo hata Koki alisahau paa lake.

"Afungashe aende wapi?"

"Chumba cha nyuma kwa dada yake. Na sisi tutakaa wapi? Kwenye ngazi za ghorofa ya nne, tukifukuzwa na mlinzi?"

"Haivunjwi," Breki akasema. "Nitalala mbele ya tingatinga."

"Ukilala wewe nani atakuinua? Goti lenyewe lile bovu," Koki akamwambia.

"Mtaalamu anakuja Alhamisi kuikagua," Dada Cherehani akaendelea. "Kwa hiyo mjipange. Kila mmoja aseme neno zuri juu ya nyumba. Mzee Breki, wewe usiseme kitu."

"Mimi nina langu tayari," akasema Koki, akasimama, akalipiga lile bomba la kijani kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Nitamwonyesha hili. Nani alilileta? Koki. Inchi nne, chuma kizito. Rula alipohamia hapa, nani alikubali kukaa chini ya hili zege? Hakuna! Mzee Breki alikuwa anasimama kule barabarani, anapokea kikombe kwa kunyoosha mkono."

"Nilikuwa napunga hewa."

"Ulikuwa unatetemeka! Ndipo marehemu akanifuata, akasema, fundi, niletee bomba. Nikamletea. Akasimamisha mwenyewe, lakini bomba ni langu. Tani kumi na mbili zimekaa hapa. Bila mimi mtaa huu ungekuwa na makaburi yake. Weka sikio, mzee. Linalia."

Breki akaweka sikio. Akafumba macho.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Nini?"

"Tani."

Alhamisi mtaalamu alikuja. Tulikuwa tunangoja mzee wa miwani na mkoba. Akatokea binti mwembamba mwenye futi ya kukunja na raba nyeupe. "Shikamooni wazee wangu," akasema, na Dada Cherehani, ambaye hajakubali bado kuwa mzee, akaitikia kwa meno.

Binti alizunguka nyumba saa nzima. Alipapasa matofali. Alipiga magoti kwenye sakafu ya sebuleni, akasema "Lo, ni ile ile!" kama aliyeokota pete. Alilinganisha kila dirisha na michoro ya zamani ambayo Rula aliihifadhi kwenye bomba la karatasi juu ya kabati. Sisi nje tulikuwa tunapeana mikono. Breki alikuwa anapanga sherehe.

Halafu akatoka kibarazani, akasimama mbele ya ile nguzo ya kijani, akakuna kichwa kwa kalamu.

"Hii haimo kwenye mchoro."

"Hiyo ni yangu!" Koki akasema, kifua mbele. "Inchi nne."

"Ni wewe uliyeiweka, mzee wangu?"

"Niliileta. Uzito wote unaouona, mama, umekaa hapo."

"Basi kuna tatizo." Akaandika kitu. "Uzuri wote wa nyumba hii ni hili bamba. Limetoka ukutani likaning'inia lenyewe, bila nguzo. Kamati haipokei nyumba iliyobadilishwa uso. Ripoti yangu naipeleka kesho asubuhi. Nguzo ikiwepo, naandika imebadilishwa. Ikiondolewa leo, naandika iko kama ilivyojengwa."

Tulitazamana. Kwenye mlango wa kioo alisimama shemeji, kanga mabegani.

"Ikiondolewa leo," Breki akasema polepole, "hakutakuwa na nyumba ya kuandika. Itakuwa chini."

"Mzee, haitaanguka."

"Binti yangu, mimi nimebeba saruji, nimebeba nondo, nimebeba mawe. Kitu kizito nakijua kwa kukitazama."

"Nimesikiliza mwenyewe," Koki akasema. "Linalia! Waulize wote!"

"Linalia," tukasema wote. Hata mimi.

Binti hakubishana. Alivuta kiti, akapanda, akaishika ile kola ya bati iliyozunguka kichwa cha nguzo pale inapokutana na zege. Kola ikateleza chini kirahisi kama soksi. Akamwomba Dada Cherehani gazeti, akachomoa ukurasa mmoja, akaupitisha kati ya nguzo na bamba. Ukaingia upande huu, ukatokea upande ule. Akaurudisha. Ukaenda tena.

"Halafu?" Koki akauliza.

"Halafu haigusi."

"Haigusi nini?"

"Haigusi chochote, mzee wangu. Hapa kuna nafasi ya kidole kizima."

Tulitazama juu. Kwa miaka ishirini tulikuwa tumekaa chini ya tani kumi na mbili zilizoshikwa na hewa.

Sikumbuki nani alianza kukimbia. Nakumbuka Dada Cherehani amebeba kiatu kimoja. Nakumbuka Koki akipiga kelele "Taratibu! Taratibu!" huku akinipita. Na wa kwanza kufika ng'ambo ya barabara, na goti lake lile lile, alikuwa Breki. Alikuwa anahema ameukumbatia mti wa jirani.

Kutoka kule tukasikia mtu anacheka. Shemeji alikuwa amejishikilia kwenye fremu ya mlango, amejikunja, machozi yanamtoka. Tangu ile Jumanne hatukuwa tumemsikia akicheka.

"Alijua!" akasema. "Jamani, alijua! Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Bomba la Koki lilifika sawasawa, likagusa. Akalishusha, akachukua msumeno, akalipunguza upana wa kidole. Nikamwuliza, wewe mwanamume, una akili? Akaniambia, likigusa nitakuwa nimemtukana aliyechora nyumba. Na nisipoliweka nitakunywa kahawa peke yangu mpaka nife."

"Na tani?" Koki akauliza kutoka barabarani, sauti imekwisha. "Tani zangu?"

"Kila ulipozitaja, usiku alikuwa anacheka mpaka anakohoa."

Koki aligeuka, akapiga hatua mbili. Nilidhani ataondoka. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kikatuambukiza sote, mpaka gari moja likasimama likidhani kuna ajali.

"Haya," akasema, akijifuta uso. "Nimelileta mimi, nalitoa mimi. Leteni sururu."

Breki alikwenda kuazima kofia ya pikipiki. Alirudi ameivaa, kioo kimeshushwa, akasimama mbali akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyasikia. Dada Cherehani alishika futi ya binti na kusoma vipimo ambavyo hakuulizwa. Koki alichimba, akatikisa, akachimba tena. Kabla ya saa kumi na mbili bomba likalegea. Tulilishika watu wanne, tukalilaza kwenye majani kama mgonjwa.

Hakuna kilichotokea. Vumbi kidogo tu lilishuka.

Binti akapiga picha, akatuaga, akaenda. Bamba likabaki pale juu, limenyooka, halimtegemei mtu. Benchi chini yake tupu. Sisi tumejipanga pembeni kama watu wanaongoja kuitwa kwa daktari.

"Tangulia, mzee Breki."

"Wewe ni kijana, tangulia."

"Mimi nimechoka kwa kuchimba."

"Si ndiyo maana ukae!"

Shemeji alitupita. Akakaa katikati ya benchi, akaweka chupa ya kahawa kando yake, akatandaza vikombe vitano. Akamimina kimoja, akaninyooshea mimi niliyekuwa karibu.

"Shemeji," akasema, "mkono wangu unachoka."

Nikaenda nikakaa. Kahawa ilikuwa na sukari nyingi, kama alivyoipenda Rula. Akafuata Dada Cherehani, kisha Koki. Breki alikaa wa mwisho, kofia ya pikipiki kichwani, akanywa kwa kuinua kioo kila funda.

Kamati ilipitisha nyumba mwezi uliofuata. Mnunuzi amehamia kiwanja kingine, na mdogo wake Rula hajatusalimia mpaka leo. Shemeji yumo ndani. Kulingana na sheria, hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu humo bila kibali cha maandishi. Wiki hii koki ya jikoni imeanza kuvuja. Fundi wetu amepewa fomu ya kurasa sita, na sasa yuko kwenye ukurasa wa pili.