Wafu Wangu Wanakunywa Chokoleti

Jumatatu, 2 Oktoba
Leovigildo, huna haya! Mwenye duka mzima unaniambia chokoleti ya Mbayuwayu haitaletwa tena, eti haina wanywaji. Na mimi ni nani? Kiti? Miaka arobaini na sita naikoroga, jibini inazama kikombeni, ukiivuta inatoka kama uzi. Harufu ikipanda, marehemu Evelio wangu huja. Hukaa pale dirishani, ukungu wa mlimani begani. Chokoleti ikiisha, atafuata nini hapa? Maji ya moto?

Jumatano, 4 Oktoba
Mungu si Leovigildo! Kaja binti wa kampuni ya utafiti wa soko, Yurani, viatu vyeupe tope tupu. Kanipa kidude kinachosoma mistari myeusi ya pakiti. Kila ninachonunua nikipitishe hapo, kitalia pii, na viwanda vitajua nyumba hii inakula nini. Akauliza tuko wangapi. Tisa, nikasema. Mbona anamwona bibi mmoja tu? Nikamwambia wengine wamepumzika. Uongo uko wapi? Nikamtajia: Evelio, mama, baba, shangazi watatu, kaka zangu wawili. Umri nao nikauhesabu tangu kuzaliwa. Mama, mia na tisa. Yurani akaandika yote.

Jumapili, 8 Oktoba
Pakiti tupu moja ya Mbayuwayu nimeipitisha tena na tena, pii sitini! Mkono umekufa ganzi. Shoga yangu Herminda kachungulia juu ya ukuta, kauliza kama siku hizi nafuga vifaranga. Nikamwambia afuge ulimi wake. Mnywaji wa kahawa ya unga atajua nini?
Nikasinzia, kidude mapajani. Nikaota tuko wote tisa mezani, vikombe vinafuka, na kila anayemeza, tumbo linalia pii. Evelio akacheka. Kicheko kile sijakisikia tangu tumzike.

Alhamisi, 2 Novemba. Siku ya Wafu.
Yurani kapiga simu. Wakubwa wake wameduwaa: nyumba nzima ya vikongwe, na wote hawaachi Mbayuwayu! Kiwanda kimeambiwa. Inarudi dukani! Nimepita mbele ya Leovigildo polepole. Mara mbili.

Jumamosi, 2 Desemba
Imerudi. Pakiti ina picha ya ajuza asiye na meno. Imeandikwa: Mbayuwayu ya Wazee. Sukari hakuna. Imetiwa dawa ya mifupa! Nimekoroga, inanuka zahanati. Evelio kafika mpaka dirishani, kanusa, kageuka na ukungu wake.
Herminda kacheka hadi akashika ukuta. Eti nimewaponza wafu wangu kwa uongo. Uongo gani? Kosa ni umri tu!
Acha kucheka, Herminda. Kesho asubuhi niletee majina ya wafu wako wote, hata yule mjomba mlevi. Tunawaandikisha kwa Yurani. Na asizidi hata mmoja miaka ishirini.