Uzinduzi wa Gari Lililofunikwa Turubai

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Msimamizi Mkuu wa Usafiri, Springi na Vitasa katika kambi hii ya ujenzi wa barabara; Mheshimiwa Mhasibu, ambaye ameomba udhuru; Mheshimiwa Naibu wangu, anayenishikia kipaza sauti kisicho na betri; waashi, wapasua kokoto, mama mpishi, na wewe ndugu mgonjwa uliyelazwa hapo ukutani na mguu wako uliopondwa na jiwe asubuhi hii: habari za kazi? (Mtu anakohoa.)

Ndugu zangu, tumekusanyika kuzindua gari letu la kambi, mnaloliona mbele yenu likiwa limefunikwa turubai kwa heshima zote, gari la porini la miaka mingi, ambalo springi zake zilichoka hata likipita shimo moja abiria mnapita matatu (kicheko), na ambalo kitasa cha mlango wake kilitaka dua, teke na bisibisi ndipo kifunguke. Wengine walisema lipelekwe gereji. Nikasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini! (Naibu anapiga makofi peke yake.)

Ndipo ofisi yangu ikabuni Programu ya Jitengenezee Mwenyewe, yenye fizibiliti, strateji na monitaringi, ambayo...

("Mheshimiwa, mguu wa shemeji yangu unavimba! Tupe gari!" Ni mchomeleaji.)

Nakuja hapo, fundi, usinikate. Ambayo chini yake bushi zilizokufa, zile raba za springi, zimechongwa upya kutoka kwenye tairi kuukuu, jani la springi lililovunjika limefungwa kwa tyubu ya baiskeli, na shokapu zimejazwa mafuta ya kupikia kwa maslahi ya kambi nzima. ("Kumbe mwizi wa dumu langu ni wewe!" mama mpishi anafoka.) Kuhusu kitasa, jopo la wataalamu, yaani mimi, lilikifungua, likakisafisha, likakirudisha kichwa chini miguu juu, hivyo sasa mlango unafunguka kwa ndani tu. Msicheke! Huo ni usalama. Nimeanzisha cheo cha Afisa Mkaa Ndani, atakayeingia kupitia dirishani kabla ya kila safari awafungulie wenzake, nafasi iliyoombwa na watu kumi na tisa, kumi na saba kati yao wakiwa, kwa bahati tu, jamaa zangu. (Miguno.)

Kitakwimu, mradi umefaulu kwa asilimia mia moja na nne, na mtikisiko umepungua kabisa tangu gari lisimame.

("Baba, tuondolee takwimu! Hospitali ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Huyu akikatwa mguu, dada yangu huko nyumbani nitamwambia nini?")

Mwambie mumewe alihudhuria uzinduzi. (Wanamzomea kwa muda mrefu.) Na wewe unayelisogelea turubai, rudi nyuma, rangi haijakauka. Nimesema rudi! Walinzi! Walinzi wako wapi?

(Mchomeleaji anavuta turubai. Chini yake yamepangwa mapipa manne matupu ya lami, na juu yake umelazwa mlango mmoja wa gari.)

Ndugu zangu, msishangae. Huu ni mlango. Sehemu zilizobaki ziko katika awamu ya pili.

(Hakuna anayemsikiliza. Mchomeleaji na waashi watatu wanauchukua mlango, wanamlaza mgonjwa juu yake na kuuweka mabegani. "Kaza moyo, shemeji." "Moyo umekaza, ila kitasa kinanichoma mgongo." Wanatoka getini karibu wakimbie, na kambi nzima nyuma yao.)

Mnaona? Linaondoka! Wala halitikisiki! Jitengenezee, juu! Springi, juu! Kitasa, mbele!

Basi nawashukuru nyote, hata mnaonionyesha migongo. Nawashukuru wale wanne kwa kukubali kuwa springi. Namshukuru kwa namna ya pekee mnunuzi wa chuma chakavu, aliyelichukua gari lote kwa kilo kabla sijaandika hata ukurasa wa kwanza wa programu, akasahau mlango. Na tafadhali, mkishamfikisha mgonjwa, mlango urudi leo leo: kesho wanakuja wakaguzi, na sina kitu kingine cha kuwaonyesha.