Mbavu za Kushoto, Mbavu za Kulia

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Macho yangu yamefaulu mtihani. Yenyewe hayana habari.

Binti yangu alitoa sharti: bila cheti cha macho, pikipiki inabaki nyumbani na mimi nitasafirishwa nyuma ya mumewe kama gunia la mkaa. Basi nilikaa kwenye benchi la korido ya kliniki, sikio mlangoni, nikiwasikiliza wenzangu wakisoma zile herufi za ukutani kwa sauti, mpaka nikazikariri. Zamu yangu ilipofika nilizishusha zote kabla muuguzi hajanyanyua fimbo yake. Akaniambia, mzee, ubao uko upande huu. Nikamwambia nimeshausoma tangu nje.

Cheti ninacho mfukoni. Miwani aliyoninunulia binti nimeiacha chini ya godoro, ipumzike.

Tumeondoka. Nilipokuwa namchumbia mke wangu nilimwahidi kumpeleka kwa pikipiki kusini kabisa, mpaka ardhi inapoishia. Maneno ya kijana aliyepaka nywele mafuta. Kumbe mwenzangu aliyaweka. Ameshona sare za shule maisha yake yote, juzi ameifunika cherehani yake kwa shuka, akaniuliza: haya, ile pikipiki iko wapi? Nikikamatwa na haya macho, ahadi itatimizwa na mtu mwingine. Kufa ni nafuu.

Amekaa nyuma yangu, ameshika mbavu zangu. Aliwahi kuiendesha pikipiki hii mwaka niliovunjika mguu, akisambaza sare mashuleni, lakini ile ilikuwa dharura, haihesabiki.

Mkwe anatangulia na pikipiki yake mpya. Nimembatiza Bwana Usalama. Kila tukitaka kuondoka anabonyeza matairi yote, hata yangu, na amevaa fulana inayong'aa kama kibao cha barabarani. Anangoja nikosee.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimegundua mtambo. Mke wangu mwoga wa barabara. Shimo likiwa kushoto, ananifinya mbavu za kulia. Likiwa kulia, ananifinya kushoto. Mimi nafuata mfinyo, tunapita salama. Maskini anadhani anashikilia tu. Namtumia bila yeye kujua, na nimemwonea huruma kidogo.

Kwenye kituo cha mafuta Bwana Usalama alinitega. Baba, hebu nisomee kile kibao ng'ambo ya barabara. Nikasema wanaziba pancha. Kilikuwa kibao cha wodi ya wazazi. Nikamwambia nilikuwa namtania. Hakucheka.

Mchana pikipiki ilianza kutetemeka chini yangu. Nikajua ni plagi. Nikazima injini. Mtetemo ukaendelea. Ilikuwa ardhi.

Tulitembea kwa miguu kuelekea mngurumo wa maji. Sikuona maporomoko. Niliona weupe umesimama mpaka mbinguni, na mvua ikinyesha kutoka chini kwenda juu. Maji yaliniingia masikioni, kolani, kwenye viatu. Meno yalitetemeka pamoja na nchi. Mke wangu alikuwa akipiga kelele na sikumsikia. Nikapiga kelele pia. Sijui nilisema nini. Nadhani nilikuwa naomba radhi, ila sikumbuki kwa kosa lipi, maana yako mengi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Aibu ndogo.

Tulisimama kando ya barabara tupate kunywa maji. Nikataka kumwonyesha mkwe kwamba macho yangu ni ya mwewe. Nikakinyooshea kidole kilima kimoja cha kijivu, kimekaa vizuri. Nikasema mtu mwenye akili angejenga nyumba pale juu.

Kilima kikapunga masikio.

Bwana Usalama alijificha nyuma ya fulana yake inayong'aa. Mke wangu akaninong'oneza nisiguse hata honi. Tembo akavuka barabara mbele yetu, taratibu, kama mwenye nyumba anayekwenda kufunga dirisha. Alipita karibu kiasi kwamba tulisikia tumbo lake likiunguruma. Miguu mikubwa vile, na haikutoa sauti. Nikavua helmeti. Hakuna aliyeniambia nivue.

Alipotokomea, mkwe akauliza iweje Baba asione tembo. Mke wangu akamjibu kabla sijafungua mdomo: huyu mzee ametania watu tangu ujana wake, wewe hujamzoea tu? Sijui kwa nini alinitetea. Labda ni jua.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Siku yangu!

Tumeingia kwenye uwanda wa chumvi. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna ukingo. Nyeupe chini, nyeupe pembeni, bluu juu. Hapa mwenye macho na asiye nayo wamelingana. Bwana Usalama alianza kulalamika kwamba haoni pa kushikilia macho, akapata kizunguzungu, akaanguka taratibu na pikipiki yake mpya. Mimi nilinyoosha kama rula. Kutokuona kitu nimeshakuzoea, yeye ndiyo kwanza anaanza.

Nilimsubiri. Nikamshauri ajipime macho.

Halafu tukazima injini zote. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Nyumbani hata tukinyamaza kuna jogoo, kuna redio ya jirani, kuna bomba linalovuja. Pale hapakuwa na kitu. Nikasikia moyo wa mke wangu ukigonga mgongoni mwangu. Miaka yote hii, nilikuwa sijawahi kuusikia.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Ardhi imeisha.

Barabara imeishia kwenye mawe, mawe yameishia kwenye maji. Upepo ulitaka kutuvua nguo. Mkwe alibaki nyuma kufunga pikipiki kwa kamba zisipeperuke. Mimi na mke wangu tukasogea mbele, na mbele yangu palikuwa na ukungu wa bluu na kishindo. Nikasema naona, naona, pazuri sana.

Akaniuliza, ile meli ina rangi gani? Nikasema nyeupe, bomba jekundu.

Hapakuwa na meli. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua mkoba akatoa miwani yangu. Aliuliza kile kitanda hutandikwa na nani, na malaika? Akasema ameendesha pikipiki tangu getini kwetu, na vidole vimemuuma. Nikamwambia hayo ni maneno ya uchovu. Akasema hatamwambia mkwe, ila bila miwani hanipandishi tena.

Nikavaa.

Bahari ilikuwa na mstari mwishoni. Mstari mmoja, mrefu, umepinda kidogo. Mawimbi yalikuja yamejipanga toka mbali, yakivunjikia miguuni petu, ndege wakiyafuata. Nikamgeukia mke wangu, na uso wake ulikuwa na mistari mingi nisiyoijua. Akasema usinitazame mimi, mimi utanikuta nyumbani. Tazama huko ulikonileta.

Nikatazama mpaka miwani ikalowa.

Jumanne, tarehe 19 Agosti

Safari ya kurudi. Nimeendesha na miwani mpaka kwenye milima. Hapo nikaona. Kumbe barabara hii ina upande wa pili, na upande huo hauna chini! Kumbe yale mapigo ya upepo yaliyokuwa yakinipita wakati wa kuja ni malori. Nikasimama, nikasema mguu umekaza.

Mke wangu akavaa helmeti yangu akakaa mbele. Akawasha mara moja. Bwana Usalama akafuata nyuma, kwa adabu ambayo mimi sijapata kuiona.

Miwani nimeivua, isishike vumbi. Cheti kinaisha mwakani, na kliniki nasikia wataweka ubao mpya. Ubao watabadilisha, benchi la korido ni lile lile.

Sasa nimeshika mbavu zake. Tukikaribia kona namfinya kulia, naye anakata kushoto, kama barabara inavyotaka. Anatii vizuri. Hajui kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Nitamwambia tukifika, asije akavunjika moyo njiani.

Amenipiga kofi mkononi mara kadhaa. Nadhani ni ishara ya kona kali.