Nilivyousoma Moyo wa Mzee Ondiek

Jumatatu, 3 Machi 2025

Fedheha asubuhi na mapema. Nilimpelekea Profesa Shitanda, mkuu wa kitengo chetu cha moyo, cheti changu cha kusoma picha za CT za moyo. Mafunzo ya wikendi nzima, mtandaoni. Akakitazama kama risiti ya duka. Akasema kinaonyesha nilihudhuria, hakionyeshi kwamba najua. Daktari hasomi picha hizi peke yake mpaka azisome nyingi mno na mwalimu kando yake, na majibu yake yalinganishwe na yaliyokutwa kweli ndani ya mishipa ya mgonjwa. Nikauliza mwalimu wangu ni nani. Dkt. Seline Amolo. Amolo! Nilipokuwa namaliza chuo, yeye alikuwa akiuliza maktaba iko wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa ya Amolo. Asubuhi anasoma picha na kuandika majibu kwenye kompyuta. Alasiri ananionyesha picha zilezile bila majibu, niseme naona nini. Lakini akienda kula samaki hafungi kompyuta. Leo mimi sikula. Nilisoma majibu yote, na alasiri nikataja mshipa uliobana kabla hajaketi vizuri. Alinitazama kitambo. Akasema kwa upole, upole wa kuudhi, kwamba haraka si sifa katika kazi hii. Wivu tu.

Jumatano, 5 Machi

Profesa amesikia habari zangu. Amenipigapiga begani mbele ya manesi. Kesho Amolo yuko Nairobi kujinoa, ati hata aliyefuzu akikaa bila mazoezi jicho hupoteza makali. Picha zote zimngoje. Nimeagizwa nisitoe jibu lolote. Nimeitikia vizuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Amekuja Mzee Ondiek, dereva mstaafu wa trekta za miwa kule Muhoroni. Akitembea kidogo kifua kinabana. Akapigwa picha. Nikamwambia majibu ni kesho. Akasema kesho hawezi, wakwe wanakuja kumposa binti yake Akinyi, na yeye ndiye wa kuwapokea.

Nikaenda kuitazama. Kutazama tu si kosa. Mishipa ilionekana mingi kuliko ile ya mafunzo ya wikendi. Mwanzoni mwa mshipa wa kushoto palikuwa na kivuli. Nikajiambia mzee alipumua wakati mashine inapiga, maana mtu akipumua picha hutikisika. Ningeizungusha niione kwa upande mwingine, ila sikukumbuka kitufe ni kipi.

Mzee alikuwa ameshika kofia yake mlangoni. “Daktari, niambie tu. Niende ama nikae?”

“Enda nyumbani, Mzee. Moyo uko sawa.”

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku nzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Amolo amerudi, akafungua picha. Kisha akauliza, “Wasike, huyu mzee yuko wapi?”

Nikasema Muhoroni. Akaizungusha picha. Hata mimi niliona. Kivuli hakikuwa pumzi. Mshipa mkubwa wa kushoto ulikuwa umebaki kama uzi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Tulipiga simu ya mzee, haikushikwa. Profesa akanituma mimi mwenyewe na ambulensi. Tulipita mji wa Awasi nikiangalia viatu vyangu, nesi akiniangalia mimi.

Tulimkuta uani. Alikuwa akibeba viti vya wageni, sasa ameketi kwenye kimoja, jasho linamtoka, mkono kifuani. Akinyi alikuwa akimpepea kwa leso yake mpya. Wakwe wamesimama kando, hawajui washike nini.

Mzee aliponiona akatabasamu. Akawaambia wakwe, “Huyu ndiye daktari wangu. Amenifuata mpaka kwangu.”

Wakanipa mikono, mmoja baada ya mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Mazungumzo ya Akinyi yakaahirishwa, nasi tukaondoka na baba yake.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee yuko hai. Ijumaa ileile walimzibua mshipa, leo amekunywa uji. Nilienda kumwambia ukweli: nilikatazwa kutoa jibu, nikatoa, tena la uongo. Akageukia ukuta. Akinyi ndiye aliyeuliza. “Kwa nini hukusema tu hujui?”

Nikanyoosha shuka ya mzee, nikatoka.

Profesa ameniondoa kwenye picha za moyo. Nikirudi, nitaanza upya, nikae kando ya Amolo kama mwanafunzi. Nikasema nimestahili. Nilisema kwa moyo wote. Nimeapa kwamba kuanzia leo mimi ni mtu wa kuuliza.

Jioni, nikielekea getini, Mama Nabututu wa jikoni alinisimamisha na bahasha kubwa. Picha ya CT ya kichwa cha mumewe. Wasomaji wa picha za vichwa walikuwa bado kazini, mlango wa tatu kushoto, na nilikuwa nimeshaanza kumwelekeza huko. Akasema, “Lakini wewe si daktari, Baba? Niangalizie tu.”

Nikawaza. Profesa alinikataza moyo. Kuhusu kichwa hakusema neno.

Nikaitoa picha kwenye bahasha, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha.