Majani ya Mheshimiwa Hayapo Tena

Mwalimu Egidi Kapinga,
Kigonsera.
Aprili 1996

Kwa Ndugu Ambokile,
Katibu, Kamati ya Kutunza Nyumba ya Waziri Mstaafu,
Mkumbi.

Ndugu Katibu,

Pole na kazi. Kwa moyo mzito, na kwa niaba ya kwaya nzima, nakutangazia rasmi msiba: yale majani mafupi mliyoyapanda mbele ya nyumba ya Mzee Mansuetus ili wageni wapigie picha, hayapo tena. Yamelala chini ya udongo, na juu yake yameota maharage.

Barua yako inatuita waharibifu wa historia, na inasema mtayafukia mashimo yetu ya ngolo, kilimo chetu Wamatengo cha mlimani, maharage na yote. Kabla hamjafukia, pokeeni malalamiko yetu, maana walioumia ni sisi.

1. Mlitangaza kanisani kwamba siku hizi za soko huria hata wenyeji wanaruhusiwa kutalii. Tukaitika. Mvua zilikuwa zimepungua, nyasi zimekomaa, kila Mmatengo mwenye akili yuko mlimani anachimba ngolo. Sisi tukaacha zetu tukaja kutazama kiti cha waziri. Mimi nilivaa suti ya harusi yangu, ambayo kifungo cha tumboni kiliacha kazi njiani.

2. Tukakuta nini? Majembe yameegemezwa ukutani, mafyekeo pembeni, na katikati chungu cha pombe. Wewe mtu wa Tukuyu unaita hayo maonyesho. Huku kwetu, ndugu yangu, mwenye shamba akitoa chungu na majembe kwa pamoja, amekuita kazini. Ukisimama unapiga picha, hata wajukuu wako wataitwa wavivu.

3. Basi wanaume tukafyeka na kupanga nyasi kwa miraba, wanawake wakachimba, wakafunika, wakapanda. Nalalamikia pia ubora wa majani yenu. Mama Gaudiosa wa sauti ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, majani gani haya? Hata panya hajifichi!" Nilikosa la kuitetea Kamati.

4. Kibao chenu cha USIGUSE kilikuwa nyuma ya chungu. Chungu kilipoisha ndipo tukakisoma, na kazi nayo ilikuwa imeisha.

5. Pombe yenyewe ilikuwa changa.

Kwa hiyo tunaomba Kamati ituombe radhi, ije yenyewe kupalilia, na iziandike ngolo hizo katika historia ya nyumba, maana ngolo ni za zamani kuliko nyumba, waziri na Kamati.

Wasalimie mama watoto, wajumbe wote, na mlinzi wenu aliyelala salama tangu tulipoingia hadi tulipotoka.

Ni mimi, katika suti isiyofungika,
Egidi Kapinga
Mwenyekiti wa Kwaya

N.B. Ndugu Ambokile, hapa usipasome kikaoni.

Kibao tulikiona tangu getini. Na chungu chenu cha maonyesho kilikuwa kitupu, unajua mwenyewe. Tulitembea pembeni ya majani kwa adabu, tukanywa soda zetu. Ndipo Mzee Mansuetus mwenyewe akatoka ndani, amevaa koti alilotumiwa na binti yake Getrude kutoka Dar, la kukalia barazani na kupokea wageni. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, na mimi ni wa maonyesho?"

Nikamnyoshea soda yangu, akaikataa.

"Tangu walete majani haya sijala maharage ya kwangu."

Huyu ndiye aliyesimama mkutanoni zamani akatukataza ngolo, akasema ni kilimo cha ushamba. Akavua viatu, akachukua jembe, akapiga shimo la kwanza. Gaudiosa akamkemea: "Baba, kuchimba ni kwetu wanawake. Wewe shika fyekeo!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Pombe aliitoa jikoni kwake, na haikuwa changa hata kidogo.

Alituomba kitu kimoja tu: Getrude asijue. Mzee anaogopa binti atamchukua Dar, akakalishwe kwenye baraza nyingine.

Basi kwenye uharibifu andika jina langu. Ila maharage msiyafukie. Jana nilipita pale. Alikuwa amechuchumaa mwisho wa shamba, anang'oa magugu, na lile koti amelitundika kwenye kibao chenu cha USIGUSE.